Kati ya Sindano na Nafsi: Uhakiki wa Suala la Tiba na Urekebishaji wa Wakosaji wa Kingono katika A Clockwork Orange

Ikisiri

Makala haya yanahakiki riwaya ya Anthony Burgess, A Clockwork Orange (1962), kwa kuisoma sambamba na sera zinazotumia dawa au upasuaji dhidi ya watu waliotiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana. Riwaya hiyo imezoeleka kusomwa kama utetezi wa utashi wa mtu dhidi ya nguvu za dola. Makala yanakubali uzito wa usomaji huo, kisha yanabainisha upungufu wake: katika mabishano ya daktari, kasisi, waziri na mwandishi, aliyebakwa hana nafasi ya kusema. Pengo hilo hilo linaonekana katika sheria na programu za nchi mbalimbali, zikiwemo zile zinazojiita za kiutu. Makala yanapendekeza kwamba kila mpango wa tiba au urekebishaji upimwe kwa maswali matatu: nani ameridhia, nani analindwa, na mkosaji anawajibika kwa nani.

1.0 Utangulizi

Kila habari ya mtoto aliyebakwa inapoenea, wito wa kuwahasi wabakaji husikika upya katika nchi za Afrika Mashariki. Wanaoutoa huona kwamba kifungo pekee hakitoshi, kwa kuwa mkosaji atatoka siku moja akiwa na mwili ule ule na tamaa ile ile. Wanaoupinga hutaja haki za binadamu, hatari ya kumwadhibu asiye na hatia, na uwezekano wa mtu kubadilika akipewa malezi na ushauri nasaha. Mjadala huishia kuwa mashindano kati ya sindano na nafsi: upande mmja unataka kuutuliza mwili, na upande mwingine unataka kuufikia moyo.

Ukubwa wa tatizo hauruhusu mjadala huo ubaki wa nadharia. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Aghalabu mtendaji ni mtu anayefahamika: jamaa, jirani, mpenzi au mtu wa makamo mwenye mamlaka juu ya mtoto. Sera yoyote inayobuniwa kwa kumfikiria mgeni aliyejificha kichakani inaanza na picha isiyolingana na hali halisi.

A Clockwork Orange inastahili kusomwa katika muktadha huu kwa sababu ni miongoni mwa kazi za fasihi zinazorejelewa mara nyingi zaidi kila panapojadiliwa uhalali wa kumbadilisha mkosaji kwa njia ya kitabibu. Jina lenyewe linaashiria kitu chenye umbo la tunda hai, kumbe ndani kinaendeshwa na mitambo kama saa. Mfano huo umewapa wapinzani wa tiba ya lazima hoja yao yenye nguvu kuliko zote. Swali la makala haya ni kile ambacho mfano huo unakiacha nje.

2.0 Riwaya na Mbinu ya Ludovico

Msimulizi wa riwaya ni Alex, kijana wa miaka 15 anayeongoza genge katika jiji la Uingereza la wakati ujao. Usiku mmoja yeye na wenzake wanavamia nyumba ya mwandishi, F. Alexander, wanampiga na kumbaka mkewe mbele ya macho yake. Baadaye Alex anawabaka wasichana wawili wa miaka 10 aliokutana nao katika duka la santuri. Anakamatwa baada ya kumshambulia mwanamke mzee anayefariki kutokana na shambulio hilo, na anahukumiwa kifungo cha miaka 14.

Akiwa gerezani, anapata habari za tiba mpya inayoweza kumtoa baada ya wiki mbili. Tiba hiyo, inayoitwa Mbinu ya Ludovico, inahusisha kudungwa dawa ya kuleta kichefuchefu huku akilazimishwa kutazama filamu za ukatili akiwa amefungwa kwenye kiti na kope zake zimebanwa zisifumbe. Matokeo ni kwamba kila wazo la ukatili au la ngono linamletea kichefuchefu kisichovumilika. Anaonyeshwa jukwaani mbele ya wakuu wa serikali, analamba kiatu cha mtu aliyemtukana, na Waziri anatangaza mafanikio.

Jambo moja katika sehemu hii halijapewa uzito wa kutosha. Hati ambayo mkuu wa gereza anamtaka Alex atie saini haiitaji tiba hiyo kama adhabu. Inaitambulisha kama tiba ya kumrejesha mtu katika hali njema, yaani kwa lugha ya urekebishaji. Mkuu huyo mwenyewe, anayeamini kisasi cha jicho kwa jicho, anaidharau istilahi hiyo. Kwa hiyo mpaka kati ya tiba na urekebishaji, unaodhaniwa kuwa wazi katika mijadala ya sera, tayari umefutwa ndani ya riwaya. Dola haikuhitaji kuchagua kati ya sindano na nafsi. Iliichukua sindano na kuipa jina la nafsi.

3.0 Hoja ya Kasisi na Swali la Ridhaa

Mpinzani mkuu wa tiba hiyo ni kasisi wa gereza. Kwake, wema usiochaguliwa si wema, na mtu aliyenyimwa uwezo wa kuchagua amepunguziwa utu wake. Mantiki ya Alex kukataa ukatili baada ya tiba haitokani na kumwonea mtu huruma. Inatokana na hofu ya tumbo lake mwenyewe. Mwili umefunzwa kukimbia, na dhamiri imeachwa ilivyokuwa.

Historia inaipa hoja hiyo uzito. Mwaka 1952, miaka 10 kabla ya riwaya kuchapishwa, mwanahisabati Alan Turing alitiwa hatiani nchini Uingereza kwa uhusiano na mwanamume mwingine mtu mzima. Alipewa nafasi ya kuepuka kifungo kwa kukubali kudungwa homoni ya kike kwa muda wa mwaka mmoja, akakubali. Alifariki mwaka 1954, na mwaka 2013 alipewa msamaha wa kifalme. Kitendo alichotibiwa si kosa tena katika nchi hiyo. Kisa chake kinaonya kwamba dola inayoruhusiwa kuingia ndani ya mwili wa mkosaji itaingia pia ndani ya mwili wa yeyote itakayeamua kumwita mkosaji.

Kisa hicho kinafichua pia udhaifu wa ridhaa inayotolewa mlangoni pa gereza. Alex alitia saini, na Turing naye alikubali. Sheria ya jimbo la California ya mwaka 1996 haikujali hata sura hiyo ya hiari: mtu aliyetiwa hatiani mara ya pili kwa makosa fulani dhidi ya mtoto wa chini ya miaka 13 hulazimika kudungwa dawa anapoachiwa kwa masharti, isipokuwa akichagua mwenyewe upasuaji wa kudumu. Dawa iliyotajwa katika sheria hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Ndiyo iliyomo katika sindano ya uzazi wa mpango ya kila baada ya miezi mitatu, ila kwa wanaume hao hutolewa kwa kiwango kikubwa na kwa karibu zaidi ili kushusha testosteroni. Hudumu kufanya kazi kadiri inavyoendelea kutolewa, na huweza kuleta ongezeko la uzito, kuganda kwa damu na udhaifu wa mifupa.

Hata hivyo, si kila matumizi ya dawa yanaangukia katika lawama ya kasisi. Nchini Sweden, jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lilihusisha wanaume 52 wenye mvuto wa kingono kwa watoto, ambao walikuwa wamejitafutia msaada wenyewe. Waliopewa dawa ya kushusha testosteroni walionyesha kupungua kwa viashiria vya hatari ya kudhuru watoto, ikilinganishwa na waliopewa sindano isiyo na dawa. Mtu anayeomba msaada dhidi ya tamaa anayoiogopa hajapokonywa utashi. Huenda dawa ndiyo inayompa nafasi ya kuutumia. Kwa hiyo hoja ya kasisi inakataza kulazimisha na inakataza kubadilishana dawa na uhuru. Haikatazi tiba yenyewe.

4.0 Lugha ya Mchezo na Walionyamazishwa

Hoja ya kasisi inakoma hapo, na riwaya nzima inakoma pamoja nayo. Kila anayebishana kuhusu Alex anabishana kuhusu Alex: kama ana utashi, kama ameponywa, kama ni kielelezo cha mafanikio ya serikali au cha ukatili wake. Mke wa F. Alexander, ambaye alifariki baada ya shambulio, hatajwi kwa jina. Kifo chake msomaji anakisikia kupitia mumewe. Wasichana wawili wa miaka 10 wanaondoka chumbani mwa Alex wakilia na kulaani, naye anasinzia. Riwaya hairudi kuuliza habari zao. Kifungo cha miaka 14 ni cha mauaji. Hakuna kesi ya ubakaji inayosikilizwa katika masimulizi haya.

Ukimya huo unatengenezwa kwa lugha. Alex anasimulia kwa misimu ya vijana ambayo Burgess aliiunda kwa kiasi kikubwa kutokana na maneno ya Kirusi. Katika misimu hiyo tendo la kubaka hupewa jina la kichezo, lenye mdundo wa kitoto, na msomaji huitwa ndugu kila baada ya kurasa chache. Msomaji anayejifunza lugha hiyo anajikuta ameingizwa katika undugu wa mbakaji kabla hajatambua. Mbinu hii ni ya ustadi mkubwa, lakini ina gharama yake: tendo linafika kwa msomaji likiwa limevuliwa maumivu ya aliyetendewa.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuitambua mbinu hiyo haraka. Kiswahili cha kila siku nacho kina pazia lake. Mtoto aliyebakwa husemwa kuwa amefanyiwa mchezo mbaya au ameharibiwa. Mtu mzima aliyembaka husemwa kuwa ameteleza. Naye mwenyewe, akiulizwa, hujibu kwamba shetani alimpitia. Katika kauli ya kwanza tendo limekuwa mchezo, katika ya pili limekuwa ajali, na katika ya tatu mtendaji ametoweka kabisa. Alex angeyaelewa maneno hayo bila mkalimani.

Hapa ndipo uhakiki wa fasihi unapokutana na kazi ya urekebishaji. Tatizo la kwanza la mkosaji, kabla ya homoni zake, ni namna anavyolisimulia tendo lake. Mtu anayesema kwamba shetani alimpitia hana kosa la kujutia. Sindano inaweza kupunguza tamaa yake, lakini haiwezi kubadilisha kiima cha sentensi yake. Na kwa kuwa ubakaji mwingi hutokana na mamlaka, hasira na imani kwamba mwili wa mwingine ni mali ya kutumiwa, kushusha testosteroni kunaweza kuiacha imani hiyo bila kuguswa. Kamati iliyoongozwa na Jaji mstaafu J. S. Verma nchini India, iliyotoa ripoti yake Januari 2013, ilikataa pendekezo la kuhasi kwa dawa, mojawapo ya sababu zake ikiwa kwamba adhabu hiyo haigusi misingi ya kijamii ya ubakaji.

5.0 Sura ya 21 na Matumaini ya Urekebishaji

Toleo la Kiingereza la mwaka 1962 lililochapishwa Uingereza lina sura 21. Toleo la Marekani liliiondoa sura ya mwisho, na filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1971 ilifuata ufupisho huo. Katika toleo lililofupishwa, madhara ya tiba yanaondolewa na Alex anarejea kufurahia ukatili. Katika sura iliyoondolewa, Alex akiwa na miaka 18 anachoshwa na ugomvi, anatamani mke na mtoto, na anaona kwamba ujana wenyewe ulikuwa kama mwanasesere anayejigonga ukutani.

Wahakiki wengi wameitetea sura ya 21 kwa kuwa inarejesha uwezekano wa mtu kubadilika kwa hiari. Utetezi huo ni sahihi kisanaa, lakini kimaadili unahitaji tahadhari. Alex habadiliki kwa kuwa ameelewa alichowafanyia wengine. Anakua, basi. Hakuna hata mmoja kati ya aliowaumiza anayemjia mawazoni akiwa mtu wa kuombwa radhi. Anamtamani mtoto wa kwake, na hawakumbuki wasichana wawili waliokuwa watoto wa watu. Huo ni urekebishaji usio na mdai: hesabu inafungwa bila mwenye deni kuitwa.

Kuna tukio linalolithibitisha hili. F. Alexander, mtu pekee aliyebaki hai mwenye haki ya kudai jambo kutoka kwa Alex kwa niaba ya mkewe, anapomtambua mbakaji huyo anageuka kuwa mtu wa kisasi. Serikali inamfungia, na Waziri anamweleza Alex kwamba imefanya hivyo kwa usalama wa pande zote mbili. Aliyetenda anaachiwa huru, na aliyetendewa anawekwa kizuizini. Burgess, ambaye alieleza kwamba mke wake wa kwanza alishambuliwa na wanajeshi watoro mjini London wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliijua fika hasira hiyo. Riwaya inaionyesha, lakini haiipi mahali pa kwenda.

Programu halisi za urekebishaji zimewahi kukumbwa na udhaifu unaofanana. Nchini Uingereza, programu kuu ya magereza kwa wakosaji wa kingono ilitathminiwa katika ripoti ya Wizara ya Sheria ya mwaka 2017. Wanaume 2,562 walioipitia walilinganishwa na 13,219 ambao hawakuipitia, kwa wastani wa miaka 8.2 baada ya kuachiwa. Waliorudia makosa ya kingono walikuwa asilimia 10.0 ya walioipitia na asilimia 8.0 ya wasioipitia. Programu hiyo iliondolewa. Nia njema na vikao vya ushauri havikutosha, na kwa wanasera wanaoamini kwamba urekebishaji ni mwema kwa sababu tu si sindano, takwimu hizo zinapaswa kuwa onyo.

Njia nyingine ilianzia Hamilton, Ontario, nchini Kanada, mwaka 1994, pale mchungaji wa kanisa la Kimenoni na waumini wachache walipokubali kumzunguka mfungwa aliyekuwa akiachiwa baada ya makosa dhidi ya watoto, huku majirani wakiwa na hofu. Kikundi cha watu wanne hadi sita kilikutana naye kila mara, kikamsaidia kuishi, na kikamuuliza bila kuficha maneno alikokuwa na alichokuwa akifikiri. Utaratibu huo ulienea baadaye Uingereza na kwingineko. Tofauti yake na sura ya 21 iko wazi: mkosaji haachwi akue peke yake. Ana watu wa kuwajibu.

6.0 Funzo kwa Sera za Kikanda

Mwezi Februari 2024, Bunge la Madagascar lilipitisha sheria ya kuwahasi wanaobaka watoto, na kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 njia iliyowekwa ni upasuaji, pamoja na adhabu kali ya kifungo. Mantiki ya kitabibu hapa inajikanganya. Ikiwa mtu atakaa gerezani maisha au karibu na maisha, upasuaji haumlindi mtoto yeyote aliye nje. Kinachobaki ni adhabu ya mwili iliyovishwa koti jeupe, na daktari anayegeuzwa kuwa mtekelezaji wa hukumu. Mwaka 2009, kamati ya Baraza la Ulaya ya kuzuia mateso iliitaka Jamhuri ya Cheki ikomeshe kuwahasi wakosaji wa kingono kwa upasuaji, ikiuona utaratibu huo kuwa wa kudhalilisha, ingawa huko ulielezwa kuwa wa hiari.

Katika Afrika Mashariki, sheria zilizopo zimejenga zaidi ukuta wa kifungo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kubaka, na maisha kwa aliyembaka msichana wa chini ya miaka 10. Kinachosahaulika ni kwamba kifungu hicho hicho kinaiagiza mahakama kuamuru fidia kwa aliyebakwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 nayo inaruhusu mahakama kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari wa kingono na kumweka chini ya uangalizi baada ya kifungo. Kwa hiyo mbegu za uwajibikaji zimo tayari ndani ya sheria: fidia inamkumbuka aliyetendewa, na uangalizi unamkumbuka atakayekuwa jirani wa mkosaji. Mbegu hizo zinastahili kumwagiliwa kabla ya kuagiza sindano.

Tahadhari inahitajika pia upande wa pili. Mtu anaweza kudhani kwamba uwajibikaji mbele ya jamii ndio ule unaoitwa kuyamaliza nyumbani: wazee wa pande mbili wanakaa, fedha au mifugo inatolewa, na kesi inafutika. Katika suluhu hiyo mkosaji anawajibika kwa baba wa mtoto, na mtoto hajibiwi na mtu. Kimya chake kinanunuliwa, na yeye si muuzaji. Muundo huo ni ule ule wa riwaya, ambapo watu wazima wanajadiliana kuhusu hatima ya mkosaji na aliyeumizwa hayupo chumbani. Kumpa nafasi hakumaanishi kumlazimisha kukutana na aliyembaka, wala kumtaka asamehe. Maana yake ni kwamba matibabu yake, fidia yake, usalama wake na taarifa za kuachiwa kwa mkosaji viwe sehemu ya mpango tangu mwanzo.

7.0 Hitimisho

A Clockwork Orange imeufundisha ulimwengu kuuliza kama mtu aliyefanywa mwema kwa nguvu bado ni mtu. Swali hilo ni la haki, na linatosha kuzikataa sheria zinazomhasi mtu kwa lazima au zinazomuuzia uhuru wake kwa sindano. Haliwezi, hata hivyo, kuwa swali la pekee. Mpango wa dawa unaotolewa kwa mtu aliyeuomba, chini ya daktari anayemhudumia yeye na si mahakama, unaweza kupita mtihani wa kimaadili. Programu ya ushauri inayomwacha mkosaji aendelee kusema kwamba shetani alimpitia haiwezi kuupita, hata kama haikutumia sindano.

Mshauri wa sera anayeletewa pendekezo lolote, la hospitali au la gereza, anaweza kulipima kwa maswali matatu yaliyotajwa mwanzoni. Nani ameridhia, na je, angeweza kukataa? Nani analindwa, mtoto aliye nje au hasira ya umma? Mkosaji anawajibika kwa nani, na je, analitaja tendo lake kwa jina lake? Riwaya ya Burgess inalijibu la kwanza kwa ufasaha, la pili kwa kejeli, na la tatu kwa ukimya. Bunge linalolijibu la tatu kwa ukimya halina kisingizio cha sanaa.